Nusu ya Hadithi Niliyompa Kaka

Nakumbuka matanga ya kaka yetu mkubwa, Tito, kule Madibira. Jirani alimpiga kwa jembe kichwani wakigombea zamu ya maji ya mpunga.

Mwanangu, nilikuwa binti wa sekondari, nimerudi kutoka Iringa na vitabu vyangu. Kaka wa pili, Anjelo, alikaa nyuma ya nyumba, hali, hanywi. Nikaona nimfariji. Nikamsimulia habari za Erinia, miungu wa kike wa kisasi wa Wagiriki wa kale: nywele zao nyoka, machozi yao damu, humwandama muuaji mpaka akili imtoke.

"Kuna kijana baba yake aliuawa," nikamwambia. "Hakukaa akilia. Alilipiza."

"Huyo alikuwa mwanaume," Anjelo akasema.

"Damu nzito kuliko maji, kaka."

Akanyanyuka. Nikadhani anakwenda kusalimia wageni. Mama akaja na sufuria za kuosha.

"We binti, ulikuwa unamlisha nini mwenzio?"

Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Akasikiliza, akauliza, "Na huyo kijana, alipokwisha kuua, alilala usingizi?"

"Hapana, mama. Muuaji wa baba yake alikuwa mama yake mzazi, naye akamuua. Erinia wakamgeukia yeye."

"Sasa mbona hukummalizia?"

Tukatazama mlangoni. Panga linalokaa hapo halikuwepo.

Tulikimbia mashambani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Muuaji wa Tito alikuwa keshakamatwa na polisi. Anjelo alimkuta baba wa yule mtu, mzee wa watu, ameinama anazibua mfereji.

Kifungo cha kumuua mzee yule Anjelo alikimaliza. Leo ni mzee, naishi naye hapa Mbeya. Huketi ameegemeza mgongo ukutani. Mtu akifungua bomba uani, hushtuka: "Nani huyo anakuja?" Namjibu, "Ni maji tu, kaka." Haniamini. Erinia sikuwaona kamwe na nyoka zao, ila wanaishi nyumbani kwangu.

Basi nisikilize, mwanangu. Kisasi hakijui kuchagua. Kikimaliza kwa adui hurudi kwa aliyekituma. Ndugu yako akiwa na hasira, usimpe nusu ya hadithi. Mpe yote. Na kama huijui yote, mpe uji, ukae naye mpaka aumalize.

Mungu akupe ulimi mzito siku ya msiba, na usingizi mwepesi wa kuja uzeeni.