Masale ya Mpakani

Kaka yangu, tumbo moja na mimi, alininyang'anya shamba kwa shairi langu mwenyewe.

Huku kwetu Malindi, ile ya milimani, si ya pwani, mpaka wa shamba ni mmea. Baba alipotugawia ardhi, alipanda masale kutoka barabarani mpaka bondeni kwenye kijito, na kung'oa masale ni mwiko. Mimi hutunga mashairi ya harusi na misiba. Siku moja niliona kipande cha isale kimetupwa juu ya jiwe, kimekauka upande mmoja, upande wa pili kinatoa jani. Nikaona uhai ndio huo, kwenye mmea na kwetu binadamu. Nikatunga:

Likatwe, lichomwe jua, isale halitakufa.

Kaka alilipenda. Kila tukikutana ananiomba nilighani, naye anatabasamu. Nami, mjinga wa watu, nikadhani anapenda ushairi.

Masika yalinikuta Korogwe, namuuguza binti yangu. Niliporudi nikakuta kabichi za kaka kando ya kijito, palepale nilipokuwa nachuma maharage, sehemu pekee ya shamba langu yenye maji. Masale ya baba hayapo. Mapya yamesimama ndani kwangu, mabichi, yamenyooka, utadhani yalizaliwa hapo. Alikata vipande akavichomeka, mvua ikamalizia kazi.

"Shikamoo kaka," nilisema, maana ni mkubwa wangu hata akiniibia. "Masale yamehamaje?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nani kayahamisha? Masale yako pale alipoyaacha baba."

Tulipoitwa mbele ya wazee wa ukoo, alilighani shairi langu lote bila kukosea kina. Akasema, dada yangu mwenyewe anakiri isale halifi; kama ya baba hayajafa, basi haya ni yaleyale. Wazee wakaafiki.

Jumapili iliyopita, watu wakiwa kanisani, nilishuka bondeni kung'oa isale la karibu na maji. Mwiko sikuujali tena. Nililishika shina kwa mikono miwili. Mizizi ilikuwa imeng'ang'ania udongo, na kileleni jani changa ndiyo kwanza linafunguka. Nikaliachia. Nguvu nilikuwa nazo, ila sikuweza kuua kitu kinachotaka kuishi namna ile.

Nilikaa kwenye matope nikalia. Kaka alijua nitashindwa. Katika wote walionisikia nikighani, ni yeye peke yake aliyenielewa.