Ufagio wa Kambini

Bibi yangu Katarina alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Padre alimchoka, wakwe zake walimchoka, nadhani hata kuku walimchoka. Kijijini Goweko walizoea kusema udadisi haumpendezi mwanamke. Wapuuzi. Udadisi huo ndio uliomwokoa.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla, mumewe Hilari alikwenda porini kurina asali kama kila mwaka. Walikuwa Wakatoliki wazuri, ila misa ni Jumapili na miiko ya nyuki ni siku zote. Mwiko wenyewe ni mwepesi kuusema: mrina asali akiwa porini, mkewe nyumbani asitembee na mwanamume mwingine, na kule kambini anakolala mrina asikanyage mwanamke. Ukivunjwa, nyuki hulipiza.

Wiki ya tatu Hilari akaletwa kwenye machela. Nyuki walimvamia juu ya mti, akaanguka, mguu umevunjika, uso umevimba hata macho hayaonekani. Maji ya kumkanda hayajachemka, mdogo wake Alois, kibarua wa reli, alikwisha kuhukumu.

"Nyuki hawaumi bure," alimwambia bibi mbele za watu. "Sema ulikuwa na nani."

Bibi alisema hakuwa na mtu. Nani amsikie? Ikaamuliwa wazee wakae Jumamosi; akishindwa kujitetea arudishwe kwao Urambo, na watoto wake wawili, Raymundi na mdogo wake, wabaki kwa baba yao. Wa pili alikuwa bado ananyonya. Nikifika hapo hasira hunipanda mpaka leo. Na huyo Hilari kitandani, kinywa anacho, kimya.

Kimya hicho ndicho kilichomtatiza bibi. Mwanamume anayeamini mkewe amemtenda angetukana, au walau angegeukia ukutani. Huyu, uvimbe ulipopungua, alikunywa uji wake taratibu huku akimtazama kwa huruma. Huruma ya nini?

Basi alfajiri ya Ijumaa bibi akambeba mtoto mgongoni, akashika njia ya porini. Alishaitwa mvunja miiko, angepoteza nini tena? Alifika jua la utosi. Alikuta kibanda, mafiga matatu na mizinga miwili ambayo haijatundikwa. Akazunguka mara moja, akarudi, akasimama. Kuna kitu hakikukaa sawa, naye hakujua ni kipi. Halafu akatazama chini. Uwanja ulikuwa umefagiwa.

Miaka saba aliishi na mwanamume yule, hakuwahi kumwona akiokota hata ganda la muhogo. Majani mapya yalikuwa yameanza kuanguka, lakini chini yake mistari ya ufagio ilionekana mpaka mlangoni. Bibi akapekua, na nyuma ya kibanda akaukuta wenyewe, ufagio wa nyasi uliofungwa shinani kwa kitambaa chekundu. Kitambaa kile alikijua. Kilikuwa kipande cha bendera kuukuu ya reli, na Goweko nzima Alois peke yake ndiye aliyempelekea mkewe kitu kama hicho. Mkewe, Flavia, alikuwa ameaga kwenda kumuuguza mama yake mwezi mzima, akarudi mara tu Hilari alipoletwa.

Bibi alikaa chini akalia. Flavia alikuwa rafiki yake wa kusukana nywele. Akiutoa ufagio ule, nyumba ya Flavia inavunjika; akiuacha, wanawe wanabaki bila mama. Alimnyonyesha mtoto mpaka akashiba, akaufunga ufagio ndani ya kanga, akarudi nao.

Jumamosi Hilari alibebwa, akaketishwa ubavuni mwa nyumba. Alois alizungumza sana, heshima ya ukoo, damu ya kaka yake, wanawake wa siku hizi. Alipomaliza, wazee wakamwuliza bibi ana neno gani. Akaifungua kanga, akauweka ufagio miguuni pa Alois.

"Shemeji, huu niliukuta kambini kwa Hilari. Wewe unaujua ni wa nani?"

Alois akauinua, akakigusa kile kitambaa, akamtazama kaka yake. Hilari akainamisha uso. Mzee mmoja akamhimiza Alois ajibu ili shauri liendelee. Akasema shauri limekwisha, shemeji yake abaki na watoto wake. Kabla jua halijazama, Flavia alionekana stesheni na furushi lake la nguo, hana wa kumsindikiza. Bibi alitamani kumfuata. Hakumfuata, na jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Mguu wa babu ulipona umepinda, miti hakuiweza tena. Mizinga haiachwi ioze, kwa hiyo bibi akaichukua yeye. Watu walisema weee mpaka wakachoka, na asali yake wakainunua. Kila msimu, akishajitwika kamba na chakula, alisimama mlangoni akamwambia mumewe maneno yaleyale.

"Baba Raymundi, mwiko ni wetu sote. Nyuki wakiniuma, nitajua pa kuuliza."

Babu aliitikia vizuri, akaendelea kufagia uwanja.