Roze ya Baba

Kila mwaka ninapochora upinde wa mvua ubaoni, anatokea mtoto mmoja wa kuniuliza roze iko wapi. Namjibu kwamba haimo, atafute mpaka achoke. Mwanga wa jua ukipasuliwa unatoa nyekundu, unatoa kijani, unatoa buluu na ndugu zake, lakini hakuna mwali hata mmoja wa roze. Roze hutokea pale nyekundu na nyeupe zinapofika pamoja kwenye jicho, na kichwa ndicho kinachoamua kuiita hivyo. Watoto hawanipendi siku hiyo. Wasichana hasa hunitazama kana kwamba nimewanyang'anya kitu.

Hata jina lake hatukubaliani. Sisi tuliokulia Magarama, mjini Gitega, tunasema roze. Majirani zetu waliorudi kutoka Tanzania wanasema pinki. Vitabu vinasema rangi ya waridi, ingawa sijawahi kumsikia mtu sokoni akiomba mita tatu za waridi. Bibi yangu mzaa mama, aliyeko Muyinga, hana muda na majina yote hayo. Kwake rangi ni nyeupe, nyeusi na nyekundu, na roze ni nyekundu iliyofuliwa sana.

Baba yangu ni fundi cherehani. Kibaraza chetu Magarama ndicho karakana yake, na tangu nipate akili nimemwona amekaa pale, futi ya kupimia shingoni, na mama pembeni yake kwenye kigoda. Baba hakuwa akichagua uzi. Alinyoosha mkono tu bila kugeuka, na mama akamwekea kibunda cha uzi kwenye kiganja. Vitambaa pia mama ndiye aliyevikunja na kuvipanga kwenye rafu, kila kimoja na mahali pake, na ole wetu tukivigusa. Mimi jambo hilo lilinichukiza. Nilimwona baba kama bwana mkubwa anayehudumiwa, na mara nyingi nilimwambia mama kwamba mtu mwenye mikono miwili anaweza kujichukulia uzi mwenyewe. Mama alinijibu nikaoshe vyombo.

Kisha dada yangu mdogo akaposwa na kijana wa Giheta, kutoka familia ya wafanyabiashara, watu wa kupendeza na wa kuangalia mambo. Kwetu harusini, wanawake wa upande wa bibi harusi huvaa sare: mashangazi, mama wadogo, mama mwenyewe na bibi, wote kitambaa kimoja. Mmoja akija na kingine, watu hawasemi amekosa kitambaa, wanasema familia ile haisikilizani. Dada alitaka roze. Alizunguka maduka yote ya mjini mpaka akapata satini ya roze aliyoiota, akanunua robota lote lililobaki, na baba akasema atashona yeye, hakuna fundi mwingine atakayegusa sare ya binti yake.

Wiki mbili kabla ya harusi, bibi akaugua, na mama akaenda Muyinga kumuuguza. Alidhani angerudi upesi. Bibi alipata nafuu mapema, lakini mafuta yakapotea nchini, na magari ya Muyinga yakawa ya kungojea kama mvua. Baba akabaki kibarazani peke yake, na kigoda kitupu pembeni.

Jumanne moja nilitoka shuleni nikapitia kwa wazazi. Baba alikuwa anapiga pasi huku anaimba chinichini, na kwenye kamba zilining'inia gauni tatu zilizokwisha. Zilikuwa zimeshonwa vizuri ajabu, kiuno kimekaa, shingo imelala. Mwili wote wa gauni ni roze. Mikono yote ni ya kijivu.

Nilidhani ni mtindo. Halafu nikakumbuka kwamba dada hakuagiza mtindo, na kwamba kile kijivu nakijua: ni mabaki ya satini ya kwaya fulani ya kanisa ambayo baba aliishonea zamani, na mama aliyaweka chini kabisa kwenye rafu. Nikauliza kwa upole kitambaa cha mikono amekitoa wapi. Akasema ameona robota linaweza lisitoshe, kumbe kuna kipande kingine mama alikisahau huku chini. "Ni satini ileile," akaniambia. "Shika uone."

Nikashika. Ni kweli, kwa mkono ilikuwa ileile: uzito ule, utelezi ule. Baba alinitazama akingoja nimsifu, na uso wake haukuwa na mzaha wowote. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kwamba kuna macho ambayo nyekundu na kijani hayazitofautishi, na roze mbele yake ni kama majivu, na mwenye macho hayo nimekula naye sahani moja tangu utotoni. Nikamsifu mshono, kwa sababu mshono ulistahili. Nikaenda nyuma ya nyumba kumpigia mama.

Mama aliniuliza ni gauni ngapi zimekwisha. Kisha akanieleza, bila haraka, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Mwaka waliooana alimpeleka baba Muyinga wakati wa kuvuna kahawa. Bibi alimpa kikapu akachume kama wengine, na baba akarudi na kikapu kimejaa, mbivu na mbichi pamoja, nyekundu na kijani. Bibi alimwita mvivu mbele ya mashemeji zake. Baba hakujitetea. Mama peke yake ndiye aliyemwangalia vizuri mtini, akaona kwamba hachumi ovyo, anaminya kila tunda kwa vidole kabla ya kulichuma, anahangaika. Usiku ule hakumuuliza kitu. Waliporudi Gitega akatafuta kigoda, akakaa pembeni ya cherehani.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia sisi ni watoto wao, tungeambiwa tungesaidia. Mama akasema baba mwenyewe hawajawahi kuliongea naye, sembuse sisi. Fundi asiyeona rangi, nani Magarama atampelekea kitambaa? Na akijua kwamba ameharibu sare ya binti yake, mbele ya watu wa Giheta, ataweka mkasi chini na hatauokota tena. Mama alimjua. Nami nilijua kwamba anasema kweli, na nikaogopa.

Roze iliyobaki ilitosha miili ya gauni zilizosalia tu, si mikono mipya ya gauni zote, na madukani hapakuwa na nyingine kama hiyo. Kutafuta roze ya jamaa yake tu ni mbaya zaidi, maana roze mbili zisizofanana zikikaa pamoja zinagombana waziwazi. Nilimweleza mama hayo yote, na kwamba hata kile kijivu hakitatosha gauni zote. Akafikiri.

"We usimwambie kitu," akasema. "Mikono yote iwe gri, donc itakuwa ndiyo sare. Mi nakuja na kitambaa."

Kazi ngumu iliyobaki ilikuwa dada. Nilimweleza chumbani, akalia, akasema harusi ni yake na hakuomba majivu. Nikamwacha aseme. Baadaye akatoka, akasimama mlangoni akimtazama baba anavyolaza pindo la gauni la shangazi kwa kiganja kabla ya kulipiga pasi, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akarudi ndani amefuta macho. Akasema kwa kweli kijivu kinatuliza, roze tupu ingezidi. Nilimpenda sana dada yangu saa ile, na kwa kawaida ananichosha.

Tukamwambia baba kwamba mashangazi wameifurahia ile mikono, na gauni zilizobaki azishone vilevile, kwa kipande kilekile. Akasema sawa. Kipande kikaisha, zikabaki gauni za mama na bibi bila mikono.

Ijumaa, mama akafika. Alikuwa amepata nafasi kwenye Hiace, amebanwa na magunia, na bibi kando yake amejifunika shuka, analalamika juu ya dereva. Kwenye mfuko wa mama kulikuwa na satini ya kijivu kutoka soko la Muyinga, inayolingana na ile. Hakunywa hata maji. Alimsalimia baba, akavuta kigoda, akaketi. Baba akanyoosha mkono bila kugeuka, na mama akamwekea uzi. Gauni mbili zikaisha kabla ya magharibi.

Siku ya harusi wanawake wetu waliingia kwa mstari, roze mwilini na kijivu mikononi, na ukumbi ukageuka kuwatazama. Watu wa Giheta wakaanza kunong'onezana, kisha mama mkwe wa dada akainuka, akamshika shangazi mkono, akapapasa satini na kuuliza fundi ni nani. Shangazi akamwonyesha baba kwa kidevu, kwa maringo yasiyo na kipimo. Bibi, alipoulizwa na mgeni mmoja hiyo ni rangi gani, alisema ni nyekundu iliyofuliwa, na yale ni majivu yaliyoifua. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Baada ya hapo wateja walimiminika. Walitaka "kama ya mashangazi wa bibi harusi". Baba alikuwa na kazi mpaka Ramadhani, na mama hakubanduka kwenye kigoda isipokuwa kwa swala na jiko.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa nao. Mama aliingia ndani kuchemsha chai. Mteja kutoka Giheta alikuwa ameondoka punde, ameacha vitambaa viwili vya satini baada ya kuvigusa kimoja kimoja na kusema, hiki mwili, hiki mikono. Baba alivichukua vyote viwili, akaviweka magotini, akavipapasa kwa muda mrefu, akitafuta tofauti kwa vidole.

"Ile mikono ya shangazi yako," akasema polepole, "haikuwa roze."

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema hapana, ilikuwa gri. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu aliyoijua. Akasema anajua kwa nini mama hukaa pale. Amejua tangu siku ile ya kahawa, alipoona mama hacheki na wenzake. Akaniomba nisimwambie mama kwamba anajua, kwa sababu mama hupenda kuamini kwamba amemficha, na ni kitu kizuri kufichwa namna ile.

Ualimu ukanishinda, sikuweza kujizuia. Nikamuuliza, mtu akimtajia roze, anaona nini?

Alikunja vitambaa vile, akavisawazisha pembe.

"Roze mi sijaiona," akasema. "Siku ya kwanza naenda Muyinga, kwa harusi, rafiki yangu akaniambia, muangalie yule wa roze. Nikaangalia wasichana wote, mi sioni roze. Ikabidi nimuulize tena, mpaka akanionyesha kwa kidole. Alikuwa mama yako. Bon, tangu siku ile mtu akisema roze, mi namuona yeye."

Mama akatoka na chai, akaiweka chini, akakaa. Baba akageukia cherehani, akanyoosha mkono wake bila kutazama.