Ua la Tangi la Mama

Harufu ya maji yaliyotulia ndiyo hunirudisha nyumbani kwetu Kaaga: harufu ya majani mabichi na changarawe iliyolowa, kutoka kwenye tangi la samaki lililokuwa sebuleni. Tangi lilikuwa la mama. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama mjini, akatia samaki sita na mmea mmoja wenye majani marefu kama panga. Miaka miwili aliungoja utoe maua, kwa kuwa muuzaji alimwambia hutoa. Haukutoa. Mama alifariki mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika, nami nina miaka kumi. Watu walijaa uani, wakapika githeri kwa sufuria kubwa, wakaimba, wakaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Sikulia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini huuhisi.

Baada ya mazishi, shangazi Karimi, dada mkubwa wa baba, alibaki siku tatu kabla ya kurudi kwake Ruiri. Siku ya mwisho nilimsikia jikoni. "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," alimwambia baba. "Mwanamume peke yake na msichana, utaweza? Shule zikifungwa mwezi wa nane nitakuja kumchukua Makena." Baba, aliyekuwa mwalimu wa kilimo, akasema, "Sawa, dada." Mimi nikaendelea kuosha vikombe.

Wiki moja baadaye nilimkuta baba amekunja mikono ya shati, anachota maji ya tangi kwa kikombe. Samaki alikuwa amewahamishia kwenye beseni. Nikamwuliza kama analitupa. "Hapana," akasema. "Mmea ukizama kwenye maji mengi unasahau kuchanua. Maji yakipungua, majani yakaguswa na hewa, ndipo unaanza kutafuta mbegu." Akaacha maji ya kufunika mizizi tu, akatandaza nailoni juu ili majani yasikauke, akaning'iniza taa. Kazi yangu ikawa kuwasha taa kabla ya kwenda shule, kuizima baada ya chakula cha jioni, na kunyunyizia majani maji. Sikuipenda wala sikuichukia. Majani ya zamani yaligeuka kahawia, yakaoza, nikadhani tumeuua mmea wa mama. Baba akayakata kwa makasi. Yakaja mengine, mafupi, magumu. Watu husema subira huvuta heri, lakini yetu haikuwa subira. Hatukuwa na nguvu ya kufanya jambo lingine.

Mwezi wa nane bua refu lilichomoza, likainua nailoni. Asubuhi ya siku aliyokuwa anakuja shangazi, ua lilifunguka: petali tatu nyeupe, katikati manjano, dogo kuliko kifuniko cha soda. Nikamwita baba. Alipiga magoti mbele ya kioo akalia kwa sauti, mabega yakitikisika. Nilisimama kando nikitazama kisogo chake, nikingoja na mimi kitu kinijie. Hakikuja. Alipojifuta uso akaniuliza, "Unataka kwenda Ruiri?"

"Sijui," nikasema.

Shangazi alipofika, baba alimpokea mlangoni. "Dada, mtoto atabaki." Walibishana mpaka chai ikapoa, naye akaondoka bila kuinywa. Kufikia jioni ua lilikuwa limenyauka.

Leo ninaishi Majimbo, Embu, na tangi langu ni kubwa kuliko lile. Taa yake hujiwasha yenyewe, na maua hutoka kila mwaka. Mimi huyapiga picha, kisha huenda kazini. Mwaka jana baba alinitembelea, akaniambia kwamba siku ile aliichukua "sijui" yangu kama ombi la kubaki. Akaniuliza kama alinielewa vizuri. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba nguo zangu zote zilikuwa tayari ndani ya begi, chini ya kitanda. Angesema nenda, ningekwenda.

"Begi nililiona," akasema. "Ulikuwa umekunja nguo vizuri mno, kama mtoto asiyejali anapelekwa wapi. Ndipo nikaogopa."