Nilificha viatu vyangu kwenye kayaki, Ziwa Edward likanionyesha

Wakuu, habari zenu. Mnaopenda maji sogeeni hapa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi.

Mimi ni mtu wa Butembo, nauza spea za pikipiki. Huku kwetu ni milima na baridi tu. Nilipata kayaki ya plastiki, mtumba, nikajifunzia kwenye bwawa la samaki la rafiki. Wiki tatu nikajiona bingwa.

Nikaipeleka Kyavinyonge, Ziwa Edward, kwa shangazi yangu Kavira anayekausha samaki ufukweni.

Pale wana desturi moja. Ukiingia majini unaacha kandambili zako mchangani, kando ya meza ya shangazi ya kuanikia samaki. Upepo ukivuma watu wanaangalia zilizobaki, wanajua kuna mtu wa kutafuta.

Shangazi alikuwa anapeleka samaki sokoni Kasindi. Akaniambia, "Acha kamambili yako hapa, mutoto yangu. Na upepo ikianza, hapana ngojea. Rudia."

Sasa wakuu, mfanyabiashara wa Butembo aache viatu vipya ufukweni? Nikaitikia ndiyo, halafu nikavificha ndani ya kayaki. Life jacket nilivaa, namshukuru Mungu.

Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Mbali, upande wa Uganda, niliona mvua inanyesha. Kwetu mvua ikiwa mlima wa pili unaendelea kulima, donc nikaendelea kupiga kasia.

Upepo ulifika kabla ya mvua. Maji yakawa meusi, kisha mawimbi yakasimama. Yaani yalisimama, wakuu! Niliogopa, lakini pia nilibaki mdomo wazi. Sikujua maji matulivu vile yanaweza kuinuka hivyo kwa dakika chache.

Wimbi la tatu likanipindua.

Nikang'ang'ania kayaki. Viatu vyangu vikapita vinaelea. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa shangazi yuko Kasindi, na mchangani hakuna kitu changu. Nililia, sioni aibu kusema.

Sijui nilikaa muda gani. Mtumbwi wa mota ukatokea kwenye mvua, wavuvi wawili wakanivuta.

Nikawauliza walijuaje. Mmoja akasema, "Tuliona kamambili imebakia kwa meza ya Mama Kavira. Alisemaka ni ya mutoto yake."

Saa kumi na moja shangazi akarudi kutoka sokoni. Peku. Matope mpaka magotini.

Akanitazama, akasema, "Niliona unaficha yako. Njo maana nikaacha yangu."

Wakuu, mimi nimeliogopa lile ziwa, lakini miguu ya yule mama ndiyo iliyonitia aibu.

Vaeni life jacket. Mvua ya mbali msiidharau. Upepo ukianza, geuzeni. Na kabla ya yote, nchi kavu awepo mtu anayejua mko majini.

Mlio na uzoefu wa maji, karibuni mniseme, nastahili. Ila mniambie pia: nyie viatu vyenu mnamwachia nani?