Alama za Karani

Zamani zile za mashamba ya ngano ya serikali, karani mmoja wa shamba alizunguka vilabu vya Basotu akionja pombe na kuzipa alama kwenye daftari lake. Siku moja nilikaa naye meza moja. Alinusa kibuyu, akapiga funda, akafumba macho.

“Shikamoo mama. Hii si mtama. Hii ni ngano.”

Ngano yote pale ilikuwa mali ya shamba la serikali; kuipikia pombe ni wizi.

Mama mpika pombe akafuta mikono kwenye kanga. “Marahaba, mwanangu. Umepatia. Nenda kashtaki, ila usisahau kusema ushahidi umeunywa wewe.”

Karani akamaliza kibuyu, kisha akaandika: “Mtama safi. Tisa kwa kumi.”

Ulimi wake ulikuwa hodari, lakini kalamu iliuzidi akili.