Mahindi Meupe ya Shangazi Apollinarie

Shangazi yangu Apollinarie wa Nyakabere alikuwa na mahindi meupe kama meno ya mtoto. Alikuja nayo kutoka kwa mama yake siku alipoolewa, ndani ya kikapu chenye kifuniko, na mama yake naye alikuja nayo hivyo hivyo. Mume wake alipofariki, alisema mahindi hayo ndiyo mali ya Generose, binti yake mmoja tu, siku atakapoolewa.

Mwaka wa 1954, moniteri wa kilimo, Bwana Cyprien, alimgawia jirani yetu Nduwimana mbegu mpya ya manjano. Yeye akaipanda ng'ambo ya mfereji, upande wa ziwani. Shangazi alipovuna, mahindi yake yalikuwa na madoa: nyeupe, nyeupe, kisha punje moja ya manjano kama jino la mvuta tumbaku.

Alikwenda kwa Nduwimana na hindi moja mkononi.

"Baba Donatien, angalia. Mahindi yako imeingia katika yangu."

Nduwimana alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Mama Generose, mahindi iko na miguu? Ao ilipiga kasia ikavuka mfereji kwa pirogi?"

"Sijui inapita wapi. Minye naomba tu weye upande baada yangu, wiki tatu zipite."

"Na mvua itaningojea? Nenda kwa moniteri. Minye nafuata tarehe yake."

Mwaka uliofuata Generose alichumbiwa na Étienne wa Rugenge, harusi ikawekwa baada ya Pasaka ya 1956. Shangazi alichagua mahindi yake moja moja. Yasiyokuwa na punje hata moja ya manjano yalibaki manne.

"Mama, tubakize moja," Generose alisema.

"Manne hayajazi kikapu. Utakwenda kwa watu na kikapu kinachopiga kelele ndani?"

Akapanda yote manne.

Alikuwa mtu wa kuangalia sana. Mwezi wa Desemba, mahindi mawili matatu ya kwanza yalipofungua maua kule juu, aliona vumbi la manjano linaanguka toka kwenye maua hayo, linatua juu ya nywele za hindi chini. Alipogusa, kidole kikawa cha manjano. Alirudi nyumbani anahema.

"Generose! Nimeona ugonjwa wenyewe. Iko kwetu, juu katika maua. Nduwimana nilimsingizia bure."

Siku mbili yeye na Generose walikata maua yote ya juu, mengi kabla hayajafunguka, hawakuacha hata moja. Halafu Shangazi akampelekea Nduwimana kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, akamwomba msamaha.

"Umenyoa mahindi?" Nduwimana aliuliza, akinywa.

"Nimenyoa."

"Basi sasa itakuwa kama padri, utosi wazi."

Walicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumsikia Shangazi akicheka. Kila alasiri upepo wa ziwani ulivuma kama kawaida yake, ukipita juu ya mahindi ya Nduwimana, ukija kwetu.

Februari alimenya hindi la kwanza, akaliweka chini. Akamenya la pili, la tatu. Alipofika la kumi aliketi kati ya mistari. Yote yalikuwa ya manjano.

Bwana Cyprien aliposikia alikuja na baiskeli, akazunguka shamba lote, akamshika Shangazi mikono miwili.

"Mama, nani alikufundisha? Hivi ndivyo tunafanya kwenye stasioni ya mbegu! Unakata maua ya huyu apate vumbi la yule. Mahindi hii, mama yake iko yako, baba yake iko ya Nduwimana. Ukipanda mbegu hii utaona, itazaa hindi kama mkono wangu!"

Watu waliokuwa wamemfuata walipiga makofi. Nduwimana alipiga zaidi ya wote.

"Na yale meupe?" Shangazi aliuliza.

"Yako humo ndani."

"Nitayatoa namna gani?"

Moniteri alimwachia mikono. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Utapanda, utachagua meupe, utapanda tena, miaka. Labda utapata nyeupe. Lakini yale yenyewe, mama, hapana."

Watu walikuja kuomba mbegu. Shangazi aliwagawia wote, viganja viwili viwili, na Nduwimana pia, mpaka ghala likawa tupu. Hakujibakizia. Generose alikuwa amemwambia, "Mama, nipe na minye hata ya manjano. Si ni watoto wa yale?" Siku ya harusi Shangazi alimjazia kikapu maharagwe, akafunga kifuniko kwa kamba, akakaza.

"Wakikuuliza, sema mama yako alikuwa mulimaji wa maharagwe."

Mwaka uliofuata mahindi yale yalijaa Nyakabere nzima, marefu kupita mtu, na watu waliyaita mahindi ya Apollinarie. Yeye alipanda muhogo mpaka mlangoni.